Mhadhara wa Biffen: Kumbukumbu ya Profesa Aliyethibitisha kuwa Ukinzani wa Mazao dhidi ya Magonjwa Hurithiwa

Mhadhara wa Biffen ni mfululizo wa mihadhara ya kisayansi unaoandaliwa na Kituo cha Utafiti cha John Innes kilichopo katika jiji la Norwich, mashariki mwa Uingereza, kwa heshima ya Profesa Sir Rowland Harry Biffen (1874–1949), mgunduzi wa mbegu za ngano na Profesa wa Botania ya Kilimo katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kila unapofanyika, mwanasayansi aliyebobea katika urithi na uboreshaji wa mimea hualikwa kueleza matokeo ya utafiti wake.

Jina la Biffen halifahamiki sana katika Afrika Mashariki. Hata hivyo, jambo alilolithibitisha mwaka 1905, kwamba uwezo wa mmea kukinzana na ugonjwa hurithiwa kutoka kwa wazazi kwa utaratibu unaoweza kufuatiliwa, ni msingi wa kazi inayofanywa leo na vituo vya utafiti wa mbegu, kuanzia Njoro nchini Kenya hadi Uyole nchini Tanzania. Jambo la pili, ambalo sayansi ililibaini baadaye, ni kwamba vimelea vya magonjwa navyo hubadilika. Kwa sababu hiyo, mbegu inayokinzana na ugonjwa leo inaweza kushindwa baada ya misimu michache.

Makala haya yanaeleza mhadhara huo, mtu anayekumbukwa, historia ya taasisi zilizobeba kazi yake, na namna kazi hiyo inavyohusiana na mkulima wa ukanda wetu.

Biffen alikuwa nani

Rowland Biffen alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Cheltenham, Uingereza, na kusoma sayansi katika Chuo cha Emmanuel, Cambridge. Baada ya masomo alishiriki katika msafara wa kuchunguza uzalishaji wa mpira katika nchi za Amerika ya Kati na Kusini, kisha akarejea Cambridge kufanya utafiti wa kuvu. Katika idara hiyo aliongozwa na Profesa Harry Marshall Ward, mwanasayansi aliyejulikana kwa uchunguzi wake wa ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni nchi ya Sri Lanka.

Mwaka 1899 Biffen aliajiriwa kufundisha botania katika idara mpya ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliteuliwa kuwa Profesa wa Botania ya Kilimo mwaka 1908, nafasi aliyoishikilia hadi mwaka 1931. Taasisi ya Uzalishaji wa Mbegu za Mimea ilipoanzishwa Cambridge mwaka 1912, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza, na aliiongoza hadi mwaka 1936. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza mwaka 1914, akapokea Nishani ya Darwin mwaka 1920, na mwaka 1925 akatunukiwa hadhi ya Sir. Alifariki dunia mwaka 1949.

Tatizo alilolikuta

Mwanzoni mwa karne ya 20, Uingereza iliagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, hususan Amerika ya Kaskazini, Urusi, India na Australia. Ngano iliyolimwa nchini humo ilitoa mavuno ya kuridhisha, lakini unga wake ulikuwa dhaifu: mkate wake haukuumuka vizuri, hivyo wasagaji walilazimika kuuchanganya na unga wa ngano ya nje. Mwaka 1901 chama cha wasagaji kiliunda kamati maalumu ya ngano ya nyumbani ili kutafuta suluhisho, na Biffen alifanya kazi kwa karibu na kamati hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa ugonjwa wa kutu ya manjano. Ugonjwa huu husababishwa na kuvu anayeishi ndani ya majani ya ngano na kutoa unga wa rangi ya manjano unaojipanga kwa mistari. Jani lililoshambuliwa hupoteza uwezo wa kutengeneza chakula cha mmea, punje husinyaa, na mavuno hupungua. Kwa kuwa mbegu za kuvu huyo hupeperushwa na upepo, shamba moja lililoambukizwa huweza kuambukiza mashamba ya mbali.

Wakulima walikuwa wamekwisha kuona kwamba aina fulani za ngano hazishambuliwi sana kama nyingine. Swali lililokuwa halijajibiwa ni iwapo sifa hiyo ingeweza kuhamishwa kwa makusudi kutoka aina moja ya ngano kwenda nyingine, au ilikuwa matokeo ya udongo, hali ya hewa na bahati.

Ugunduzi wa mwaka 1905

Mwaka 1900 wanasayansi wa Ulaya waliibua upya kazi ya Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechapisha mwaka 1866 matokeo ya majaribio yake ya kuchavusha njegere. Mendel alionesha kwamba sifa za mimea, kama vile rangi ya punje na urefu wa shina, hurithiwa kwa uwiano unaoweza kuhesabiwa. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mtetezi mkubwa wa kanuni hizo alikuwa William Bateson, na Biffen aliamua kuzipima kwenye ngano.

Alichavusha aina ya ngano iliyoshambuliwa vibaya na kutu ya manjano kwa chavua ya aina iliyokinzana nayo. Katika kizazi cha kwanza, mimea yote ilishambuliwa. Mtu asiyekuwa na subira angehitimisha kwamba jaribio limeshindwa. Biffen alipanda tena mbegu za mimea hiyo, na katika kizazi cha pili takribani robo ya mimea ilikinzana na ugonjwa, huku robo tatu zikishambuliwa. Uwiano huo wa 3 kwa 1 ndio uleule ambao Mendel aliuona kwenye njegere. Ukinzani ulikuwa haukupotea katika kizazi cha kwanza. Ulikuwa umefichwa na sifa yenye nguvu zaidi, kisha ukajitokeza tena.

Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1905 katika juzuu ya kwanza ya jarida la sayansi ya kilimo lililoanzishwa Cambridge. Hayo ni miongoni mwa matokeo ya kwanza kabisa kuonesha kwamba ukinzani wa kiumbe dhidi ya ugonjwa hufuata kanuni za Mendel. Maana yake kwa kilimo ilikuwa kubwa. Kuanzia hapo mtafiti aliweza kuchagua wazazi wawili, mmoja mwenye mavuno na mwingine mwenye ukinzani, na kutarajia kwa hesabu kwamba miongoni mwa wajukuu wao itapatikana mimea yenye sifa zote mbili.

Little Joss na Yeoman

Biffen hakuishia kwenye jarida. Mwaka 1910 alitoa kwa wakulima aina ya ngano iitwayo Little Joss, iliyotokana na kuchanganya ngano ya Kiingereza ya Squarehead's Master na ngano ya Kirusi ya Ghirka, ambayo ilichangia ukinzani dhidi ya kutu ya manjano. Little Joss ililimwa kwa miongo kadhaa, na ukinzani wake ulidumu kiasi kwamba watafiti wa baadaye waliihesabu miongoni mwa mifano ya ukinzani wa kudumu.

Mwaka 1916 ilifuata ngano ya Yeoman. Hii ilitokana na ngano ya Kiingereza ya Browick na ngano ya Red Fife iliyokuwa ikilimwa Kanada. Yeoman iliunganisha mavuno ya ngano ya Kiingereza na ubora wa unga wa ngano ya Kanada, na hivyo kujibu ombi la wasagaji lililotolewa miaka 15 kabla. Utafiti wa mbegu unahitaji muda wa namna hiyo: hata pale kanuni inapojulikana, ni lazima kuchavusha, kupanda, kuchagua na kupima kwa misimu mingi kabla ya gunia la kwanza kumfikia mkulima.

Kutoka Cambridge hadi Norwich

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mhadhara wa kumbukumbu ya profesa wa Cambridge unafanyika Norwich. Jibu lipo katika historia ya taasisi aliyoianzisha.

Taasisi ya Uzalishaji wa Mbegu za Mimea iliendelea kukua baada ya Biffen. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilitoa aina nyingi za mazao zilizobeba jina la Maris, lililotokana na barabara iliyokuwa karibu na mashamba yake katika kitongoji cha Trumpington. Maarufu zaidi ni kiazi cha Maris Piper kilichotolewa mwaka 1966, ambacho kilizalishwa kikiwa na ukinzani dhidi ya aina ya minyoo fundo wanaoshambulia mizizi ya viazi.

Mwaka 1987 Serikali ya Uingereza iliuza sehemu ya taasisi hiyo iliyohusika na kutoa mbegu za kibiashara kwa kampuni ya Unilever, ambayo mwaka 1998 iliiuza kwa kampuni ya Monsanto. Sehemu iliyohusika na utafiti wa msingi haikuuzwa. Ilibaki mikononi mwa umma, na mwaka 1990 ikahamishiwa Norwich kuungana na taasisi ya John Innes, ambayo nayo ilianzishwa mwaka 1910 ikiwa na William Bateson kama mkurugenzi wake wa kwanza. Kwa njia hiyo warithi wa kazi ya Bateson na warithi wa kazi ya Biffen walikutana chini ya paa moja. Kituo hicho huandaa pia Mhadhara wa Bateson.

Uamuzi wa mwaka 1987 umeendelea kujadiliwa na wataalamu wa sera za kilimo, kwa kuwa ulitenganisha mtafiti anayegundua jeni na mtaalamu anayeigeuza kuwa mbegu shambani. Katika zama za Biffen kazi hizo mbili zilifanywa na mtu mmoja katika eneo moja. Mhadhara wenye jina lake huwakumbusha watafiti wa maabara kwamba mwisho wa kazi yao ni shamba la mkulima.

Wahadhiri na mada zao

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mhadhara wa Biffen umetolewa na wanasayansi kutoka mataifa mbalimbali. Miongoni mwao ni John Doebley wa Marekani, aliyeonesha jinsi mahindi yalivyotokana na nyasi pori ya Meksiko iitwayo teosinte. Steven Tanksley, aliyebainisha jeni zinazoamua ukubwa wa tunda la nyanya. Susan McCouch, aliyeongoza uandaaji wa ramani ya vinasaba vya mpunga. Na Dick Flavell, aliyefanya kazi katika taasisi ya Cambridge kabla ya kuongoza Kituo cha John Innes.

Mwingine ni Pamela Ronald wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 1995 yeye na wenzake walitenga jeni iitwayo Xa21, inayoupa mpunga ukinzani dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaokausha majani. Asili ya jeni hiyo ni mpunga pori wa Kiafrika uliokusanywa nchini Mali. Mmea ambao mkulima angeweza kuuhesabu kuwa magugu ulikuwa umebeba kinga iliyohitajika katika mashamba ya Asia. Mfano huu unaonesha kwa nini nchi zenye mimea pori na mbegu za asili, zikiwemo za Afrika Mashariki, zina wajibu na maslahi katika kuihifadhi.

Vimelea navyo hubadilika

Ugunduzi wa Biffen ulileta matumaini kwamba ugonjwa wa kutu ungemalizwa kwa mbegu moja nzuri. Muda si mrefu ikabainika kwamba sivyo. Nchini Marekani, Elvin Stakman na wenzake walionesha kwamba kuvu wa kutu ya shina ana aina nyingi zinazofanana kwa macho lakini zinatofautiana katika uwezo wa kushambulia ngano. Mbegu inayokinzana na aina moja ya kuvu huweza kushambuliwa na nyingine. Zaidi ya hayo, aina mpya za kuvu huzaliwa kila wakati.

Afrika Mashariki imeliona jambo hili kwa karibu. Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere nchini Uganda, ngano iliyotarajiwa kukinzana na kutu ya shina ilionekana ikiwa imeshambuliwa. Uchunguzi ulibaini aina mpya ya kuvu iliyopewa jina la Ug99. Kuvu huyo alikuwa ameishinda jeni ya Sr31, iliyokuwa imetegemewa kwa miongo kadhaa katika ngano ya nchi nyingi duniani. Ug99 ilithibitishwa Kenya mwaka 2001, Ethiopia mwaka 2003, Sudan na Yemen mwaka 2006, Iran mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2009.

Mwaka 2005 Dkt. Norman Borlaug, mgunduzi wa mbegu za ngano aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970, alitoa tahadhari kwa dunia kuhusu kuvu huyo. Kituo cha Njoro nchini Kenya, ambacho historia yake ya kuzalisha mbegu za ngano inaanzia mwaka 1927, kikawa mahali pa kupimia ngano za dunia. Chini ya shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, ambalo sasa linaitwa KALRO, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, maelfu ya sampuli za ngano kutoka nchi mbalimbali hupandwa Njoro kila msimu ili kuona zipi zinakinzana na kuvu na zipi zinashindwa. Ngano itakayoliwa Asia huweza kuwa imepimwa kwanza katika udongo wa Njoro.

Mfano wa Ethiopia unaeleza tatizo hili kwa ukamilifu zaidi. Mwaka 2010 mlipuko wa kutu ya manjano uliharibu mashamba yaliyopandwa aina mbili zilizopendwa na wakulima, Kubsa na Galama. Wakulima wengi wakahamia aina iitwayo Digalu, iliyokinzana na kutu ya manjano na pia na Ug99. Katika msimu wa 2013, aina nyingine ya kutu ya shina isiyotokana na Ug99 ilijitokeza kusini mashariki mwa nchi hiyo na kuishambulia Digalu. Mkulima aliyefuata ushauri wa kitaalamu na kubadili mbegu alijikuta akipoteza mavuno kwa mara nyingine ndani ya miaka mitatu. Hakuna aliyekosea katika ushauri huo; mbegu ilikuwa nzuri kwa vimelea vilivyojulikana wakati ilipotolewa.

Mwaka huohuo wa 2013, mmea mmoja wa ngano katika jimbo la Suffolk, Uingereza, ulikutwa na kutu ya shina, ugonjwa uliokuwa haujaonekana katika mashamba ya nchi hiyo kwa miongo mingi. Watafiti wa Kituo cha John Innes walipoupima walibaini kuwa kuvu wake ni wa kundi lilelile lililoishambulia Digalu. Suffolk inapakana na jimbo la Norfolk, ambako mhadhara wa Biffen hufanyika.

Ushirikiano wa Norwich na Ethiopia

Kwa kuwa kuvu hubadilika, kumtambua mapema ni nusu ya kinga. Kwa utaratibu wa zamani, sampuli ya jani lililoambukizwa ilisafirishwa hadi maabara za nje na majibu yalichukua miezi, wakati ambapo msimu ulikuwa umekwisha. Watafiti wa Kituo cha John Innes wakiongozwa na Diane Saunders, kwa kushirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Ethiopia na CIMMYT, walibuni mfumo uitwao MARPLE. Mfumo huu hutumia kifaa kidogo cha kusoma vinasaba, ambacho huweza kubebwa hadi karibu na shamba na kutoa jibu kuhusu aina ya kuvu wa kutu ya manjano ndani ya saa 48. Ulijaribiwa kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 2018.

Kituo hicho pia kinahifadhi hazina nyingine iliyotokana na Cambridge ya enzi za Biffen. Katika miaka ya 1920 na 1930, mtafiti Arthur Watkins alikusanya mbegu za asili za ngano kutoka nchi 32, akitumia mawasiliano ya kibalozi na kibiashara ya wakati huo. Mbegu 827 kati ya alizozikusanya zimehifadhiwa Norwich hadi leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionesha kwamba takribani asilimia 60 ya tofauti za vinasaba zilizomo katika mkusanyiko huo hazimo kabisa katika ngano za kisasa. Miongoni mwake zipo sifa za ukinzani ambazo wagunduzi wa mbegu sasa wanaweza kuzirejesha.

Kanuni hiyohiyo katika mihogo ya Amani

Ukinzani unaorithiwa haukuishia kwenye ngano. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichopo katika milima ya Usambara mkoani Tanga, Harold Storey na R. F. W. Nichols walianza katika miaka ya 1930 kuzalisha mihogo inayokinzana na magonjwa mawili makubwa ya virusi: batobato na michirizi ya kahawia. Walipoona kwamba mihogo iliyolimwa haikuwa na ukinzani wa kutosha, waliichavusha kwa mti wa jamii ya muhogo unaotoa mpira, kisha wakarudia kuchavusha chotara kwa muhogo wa kawaida hadi kupata mizizi inayolika.

Kazi hiyo ilihitaji takribani miaka 20. Uzao wake bado upo: aina inayojulikana nchini Tanzania kama Namikonga, na katika pwani ya Kenya kama Kaleso, ina asili ya Amani, na hadi leo hutumiwa na watafiti kama mzazi mwenye ukinzani dhidi ya michirizi ya kahawia. Kama mbegu hizo zingetupwa baada ya mradi kumalizika, watafiti wa sasa wangelazimika kuanza upya.

Nafasi ya mwananchi na mkulima

Nchini Tanzania, utafiti wa mbegu za mazao hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2016, pamoja na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Utafiti wa ngano hufanyika hasa katika vituo vya Uyole mkoani Mbeya na Selian mkoani Arusha. Udhibiti wa ubora wa mbegu upo chini ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003.

Kabla ya aina mpya ya mbegu kuruhusiwa kuuzwa, hupimwa iwapo inatofautiana na zilizopo, iwapo mimea yake inafanana, na iwapo sifa zake hubaki zilezile kizazi hata kizazi. Vilevile hupandwa katika maeneo tofauti ili kupima mavuno na ukinzani wake. Hatua hizo huchukua misimu kadhaa, na mara nyingine wananchi huziona kuwa ni ucheleweshaji. Ukweli ni kwamba ndizo zinazomlinda mkulima asinunue mbegu ambayo itashindwa mbele ya ugonjwa wa kwanza.

Kutokana na maelezo haya, mambo manne yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, mkulima anashauriwa kununua mbegu zenye lebo ya TOSCI, au mbegu za daraja la kuazimiwa ubora zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa. Lebo ni uthibitisho kwamba sifa zilizotajwa, ukiwemo ukinzani dhidi ya magonjwa, zimepimwa.

Pili, ukinzani wa mbegu hauna dhamana ya milele. Aina iliyokuwa ikifanya vizuri ikianza kushambuliwa, hiyo ni taarifa muhimu kwa nchi nzima. Mkulima anayeona unga wa manjano kwenye majani au madoa ya rangi ya kutu kwenye mashina ya ngano yake amjulishe afisa ugani mapema, kwa kuwa sampuli moja iliyowasilishwa kwa wakati huweza kuokoa mashamba mengi. Mlipuko wa Ug99 ulianza kutambuliwa kwa namna hiyo, pale mtu alipoona kitu kisicho cha kawaida kituoni na kukitolea taarifa.

Tatu, si busara eneo zima kutegemea aina moja ya mbegu, hata kama ni bora. Kubsa, Galama na Digalu zilikuwa mbegu bora. Hasara ilikuwa kubwa kwa sababu zilipandwa na wengi kwa wakati mmoja.

Nne, mbegu za asili zinazohifadhiwa na familia vijijini zina thamani kitaifa. Watafiti wanapofika kijijini kuomba sampuli, wanafanya kazi ileile iliyofanywa na Watkins: kuhifadhi sifa ambazo umuhimu wake huenda ukaonekana baada ya miaka 100.

Biffen alithibitisha kwamba ukinzani unaweza kutafutwa na kupatikana. Waliomfuata walithibitisha kwamba unaweza pia kupotea. Kati ya mambo hayo mawili ndipo ulipo wajibu wa taasisi za umma za utafiti wa mbegu: kuhifadhi mbegu za zamani, kufundisha watafiti wapya kabla wa zamani hawajastaafu, na kuwa na mbegu inayofuata tayari kabla ile iliyopo shambani haijashindwa.